Mwakani

Mtumbwi aliununua baba
kwa jirani aliyekuwa akihama, dola sitini,
mwekundu, una kiraka cha gundi ubavuni.
Akautundika kwenye dari ya gereji pale Hamilton,
juu ya matairi ya theluji,
akasema: mwakani.
Ikawa mwakani, ikawa mwakani,
hata Machi ikatutangulia.

Agosti tumeushusha.
Tumeufunga juu ya gari kwa kamba za kuanikia nguo,
karibu saa nne za barabara hadi Parry Sound,
kamba zikilia kila tukipishana na lori,
na mama yangu kiti cha mbele, sufuria mapajani.

Siku tatu za kwanza ni za ufukweni.
Watoto walichimba shimo, wakamzika mjomba wao Fakihi
hadi shingoni, wakamsahau,
wakaenda kula aiskrimu.
Siku ya nne, kisiwa.

Tulikwisha kupanga: mama abaki.
"Nibaki na nani?" akauliza. "Na mbu?"
Akavaa jaketi la kuokolea juu ya dera,
na leso juu ya jaketi,
akakaa katikati ya mtumbwi wa mumewe
kama gunia linalojua bei yake.
Wengine wakafuata kwa mitumbwi ya kukodi.

Nahodha wetu Rukia, miaka kumi na minne,
kasia kafunzwa na kambi ya shule.
Nyumbani hata taulo haokoti.
"Mama, kushoto. Kushoto! Si huko, huko ni kulia."
Nami niliyemfunza kushika kijiko
nikageuza mkono, nikatii.

Kisiwani mawe ni ya rangi ya waridi,
na misonobari imepinda yote upande mmoja
kama watu wanaosikiliza ugomvi wa jirani.
Jioni Fakihi akatundika chakula mtini, kwa sababu ya dubu.
Mama akautazama mfuko ukipanda na kamba:
"Umri wangu wote nimemficha samaki, paka asimwone.
Leo namficha kwa mnyama
ambaye hata sijatambulishwa."

Usiku, mvua. Hema la watu wanne, tulilala saba.
Hakuna aliyesimulia hadithi.
Mama alikoroma;
Idarusi akahesabu mikoromo hadi mia na kumi,
na goti la mtu, sijui la nani,
likakaa mbavuni mwangu mpaka alfajiri.

Alfajiri, nafasi yake wazi. Leso imekunjwa.
Nikatoka bila viatu.
Yuko majini, hadi kiunoni, na nguo zake,
kaushika ukingo wa mtumbwi
kama amshikaye mtu mkono wakivuka barabara.
Akateka kwa kiganja, akaonja.
"Hayana chumvi," akasema, hakugeuka.
"Maji yote haya, hayana chumvi.
Angalikuwapo angalinibishia."

Kisha, kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji:

Uliahidi safari, mwakani hukuufika,
Chombo chako ni tayari, mwenyewe umeondoka,
Nimekaa kwa hadhari, mahali ulipotaka,
Na hii siyo bahari, chumvi yangu yamwagika.

Nikasimama, maji vidoleni, baridi ya kukata.
"Umeganda nini?" akasema. "Kaniletee sabuni."
Na Rukia, kichwa nje ya hema, nywele timutimu:
"Bibi! Sabuni hairuhusiwi ziwani!"
"Ziwani," mama akarudia polepole,
kama anayelipima neno kama litamtosha.

Novemba, theluji ya kwanza.
Mama kapika wali wa nazi
kwa mchele uliobaki kwenye mfuko wa kisiwani.
Tonge la pili, kra, chini ya jino langu: mchanga.
Nikamtazama Rukia. Anatafuna kwa upande mmoja,
taratibu. Fakihi vilevile.
Hakuna aliyetema.