Meza ya Majeruhi

Jumamosi, Rau, nyuma ya ukumbi wa usharika,
nimepewa meza yenye mguu mmoja mfupi,
gundi ya mbao, msasa, misumari ya nusu inchi,
koleo, uzi wa viatu, na karatasi ya kanuni:

Gari likivunjika, mwenyewe ana dakika tano.
Mwenyewe. Mkono wa mkubwa ukigusa, gari limetoka.
Likivunjwa na njia, mbio zirudiwe.
Likivunjwa na msimamizi,
hapo karatasi imekunjwa, wino umeliwa na unyevu.

Asubuhi yote napokea majeruhi.
La Elirehema, la mti wa mringaringa,
liliacha gurudumu kwenye ubao wa tatu
likafika chini likijikokota
kama mbuzi aliyefungwa kamba mguuni.
La mapacha wa mama Nanzia
lilipasuka kufuata nyuzi za mti,
na mimi, seremala wa miaka thelathini,
nimeikalia mikono yangu.
Nasema: Angalia mti ulivyolala.
Nasema: Gundi kidogo, siyo uji.
Zaidi ya hapo siruhusiwi,
na ulimi ni butu kwa kazi ya patasi.

Baba mmoja, shati limenyooka kama bahasha,
akaniinamia sikioni:
"Fundi, kaza tu hiyo ekseli, mtoto hataona."
Mtoto alikuwa ameshaona.
Alimtazama baba yake
kama anavyotazamwa mtu anayeongea usingizini.

Saa saba, fainali.
Nikaitwa kubeba magari
toka kwenye mizani (ya bucha, ya kuazima,
bado inanuka mafuta ya ng'ombe)
hadi juu kwenye kizuizi cha kuanzia.
La Ndeshi nililibeba kwa mkono huu,
huu uliozoea kubeba milango,
nikajikwaa kwenye mzizi wa mgrivea
niliokuwa nauruka tangu asubuhi.

Hakuna aliyeona.
Ningeweza kuligandamiza, nikaliweka juu,
likashuka, likafumuka,
na lawama ikaenda kwa njia. Njia haina mdomo.

Lakini tumbo la gari lilikuwa wazi kiganjani:
sarafu tatu za shilingi mia mbili, nta ya mshumaa,
na ufunguo mdogo wa kufuli nisilolijua.

Wanasema koleo likivunjika uhunzi haukomi.
Aliyesema hakuwa amelivunja yeye
koleo la mtoto wa miaka tisa.

Nikamwendea. "Nimeliangusha mimi," nikasema.
Neno bahati mbaya nililimeza.
Alikuwa na andazi mdomoni;
alimaliza kutafuna kwanza.
Akahesabu sarafu. Akauliza ufunguo uko wapi.
Nikafungua kiganja cha pili.
"Dakika tano?"
Nikaitazama karatasi, pale ilipokunjwa.
"Hapa hapasomeki," nikamwambia.
"Chukua zinazokutosha."

Alichukua kumi na moja.
Hakulia; alifoka kidogo, kwa gundi, siyo kwangu.
Kisha akanituma: "Shika hapa, fundi. Usikaze."
Nikashika. Sikukaza.
Mwamuzi mkuu, mwalimu Ndewario,
alitugeuzia mgongo akamenya chungwa
muda mrefu kuliko chungwa lolote linavyostahili.

Gari likashuka likiyumba,
likawa la nne kati ya manne.
Ndani yake ufunguo uligonga, tik, tik,
mpaka chini kabisa.
Ningelitengeneza mimi
ningeuzima mlio ule kwa gundi,
na lingekuwa gari langu.

Alipokuja kulichukua mezani
nilikuwa nakunja msasa, natafuta la kusema.
Akanitangulia.
"Mwaka ujao," akasema, "beba kwa mikono miwili."
Akaondoka amelipakata,
sarafu zikisemezana na ufunguo njia nzima,
nami nikabaki na meza yangu,
ile yenye mguu mfupi,
ambayo siku nzima sikukumbuka kuitengeneza.