Mizani ya Shilingi Kumi

Pembeni mwa Mburu Gichua, Wangila ametandaza gunia,
juu ya gunia mizani ya kukanyaga,
kioo chake kimepasuka
kati ya themanini na tisini.
"Mwalimu, kumi tu. Ujijue."

Najijua, Wangila.
Najijua tangu Februari ya mwaka jana
niliposhindwa kunyanyua chaki,
nikajifungia choo cha walimu vipindi viwili
nikihesabu matone ya bomba,
Kidato cha Tatu wakidhani nasahihisha insha.
Hapo nilikuwa kilo hamsini na nane.
Na walivyonisifu!
"Mwalimu Wairuri, umekatika kiuno. Tupe siri."
Siri ilikuwa kwamba nilitamani nisiwepo.

Kisha kidonge kimoja cheupe,
kila usiku baada ya taarifa ya habari.
Usingizi ukatangulia kurudi.
Halafu asubuhi moja sokoni nikaona, kama mgeni,
kwamba nyanya ni nyekundu.
Nikanunua ndoo nzima, sina pa kuzipeleka.
Halafu njaa. Si ya tumbo;
ni ya mtu aliyerudi kwake akakuta milango yote wazi:
mkate saa sita za usiku, viazi vya jana,
githeri baridi, nimesimama, mwiko mkononi.

Sketi ya kijivu ilikataa zipu mwezi Mei.
Ya buluu ilijitetea hadi Agosti.

"Umenawiri!" akasema wifi yangu Nyokabi. "Anakulisha nini huyu?"
Gathecha akacheka,
yeye ambaye wageni wakija
hukificha kidonge nyuma ya kopo la majani chai.

Darasani nasema: shairi lina mizani,
nane kwa nane, mshororo kumi na sita.
Likizidi au likipungua, ni guni.
Jerotich wa dawati la nyuma akanyoosha mkono:
"Guni huwa halisemi kitu, Mwalimu?"
Nikafuta ubao uliokuwa umeshafutwa.
Usiku huo nikajaribu, kwa kalamu nyekundu:

*Kidonge nimekimeza, usiku nikatulia,*
*Giza likajipunguza, na jua likaingia,*
*Mwili ukajiongeza, nguo zikanikimbia,*

na kituo hakikupatikana.
Kila nilichoandika kilizidi silabi,
kikafurika pembeni kama mimi kwenye buluu.

Septemba nikaacha dawa. Sikumwambia mtu.
Siku ya pili, cheche za umeme kichwani nikigeuza shingo.
Siku ya nne, nyanya zikawa kijivu.
Nikaenda Jenero kwa miguu, na kandambili.

Sista Nyaboke hakunigombeza.
Alinipima sukari, akanipima presha,
akaandika uzito bila kuusoma kwa sauti.
"Usiachane nayo kimyakimya," akasema.
"Ukitaka tupunguze, tutapunguza na daktari, polepole.
Ukitaka tubadilishe, zipo nyingine.
Ila kilo huhesabika, mama. Wewe ukipotea, tutakuhesabu wapi?"
Kisha mambo madogo, ya kuaibisha kwa udogo:
kula mchana, usingoje usiku. Maharagwe. Tembea.
"Na usitembee kama mtu aliyehukumiwa."

Basi natembea, mteremko wa Menengai,
Jumamosi, kabla jua halijakaza.
Kona ya kwanza napumua kama mvukuto.
Toka hapo huonekana ziwa; sitawataja ndege wake,
wametajwa wakachoka.
Mimi huangalia mabati ya Bondeni,
yale mapya yanavyong'aa kati ya yale ya kutu,
na moshi wa mtu anayechemsha kitu.
Wiki ya sita nilifika kona ya pili.
Wiki ya saba sikuenda kabisa.

Leo nimevua viatu, nimekanyaga.
Mshale ukapanda, ukajificha ndani ya ufa.
Wangila akainama, akakunja uso:
"Themanini na... kitu."
Nikampa kumi. Nikampa kumi nyingine.
"Hii ya nini, Mwalimu?"
Ya yule wa hamsini na nane.
Alipita hapa Februari, hukumwona.

Akaitia mfukoni,
akapangusa kioo kwa mkono wa shati.