Mpira Nambari Kumi na Saba

Mara ya pili niliposhindwa Sheria ya Jinai
sikulia. Nilishuka ngazi za kitivo,
nikanunua mkate wa parachichi, nikaula nimesimama,
Valparaíso ikinipulizia ukungu usoni
kama mtu anayepoza chai ya mwenzake.

Kwenye ukuta wa duka la fotokopi,
kati ya chumba cha kupanga na paka aliyepotea,
tangazo la mwandiko wa mkono:
JINAI. NAFUNDISHA WALIOKATA TAMAA, PIA WENYE MAJIVUNO.
Chini yake vipande vya namba ya simu, vimechanwa vyote
isipokuwa kimoja, kimejikunja kama ulimi wa kiatu.

Lifti ya kilimani imeharibika tangu Machi.
Nikahesabu ngazi mia na sitini na tatu.
Akafungua mwanamke wa miaka sabini hivi,
sweta la kijani, kalamu imechomekwa nyweleni.
Eduvigis Retamal. Si wakili. Si jaji.
Miaka thelathini na mmoja karani wa mahakama,
akipiga chapa maneno ya walioiba na walioibiwa
kwa taipureta ileile, kwa kasi ileile.

"Malipo?"
"Mtungi wa gesi kila wiki mbili. Na unaubeba mwenyewe."

Somo la kwanza nikaanza kama tulivyofunzwa:
A amempiga B, B ameanguka, C ameona...
Akagonga meza kwa kijiko.
"A ana mama. Mpe jina kwanza, ndipo umfunge."
A akawa Ulises, mchomea vyuma, anadaiwa kodi.
B akawa Baldovino, jirani yake mwenye redio.
Na ghafla nia, ile niliyoikariri miaka miwili
kama namba ya mtu nisiyemjua,
ikavuta kiti, ikakaa kati yetu.

"Alikusudia?"
"Hapana. Ila alijua Baldovino anaweza kuumia,
akasema liwalo na liwe."
"Hapo hapo simama. Juu ya hilo *liwalo*
wanasheria wamegombana mpaka wakazeeka."

Siku nyingine alikuwa akikata kitunguu.
"Kisu hiki kina kosa gani?"
"Hakina."
"Na haya machozi yangu, ushahidi wa nini?"
"Wa kitunguu."
"Vizuri. Wengi wangesema majuto."

Wiki ya tisa tukafika jaribio la kosa:
mtu aliyeanza, na mkono usifike.
Akanyamaza. Bandarini kreni ilishusha kontena,
ikalipandisha tena, kama iliyosahau kitu.
"Mimi nami nilivuta mpira," akasema,
"mtihani wa mwisho, maprofesa watatu na jagi la maji.
Mada niliijua yote. Kinywa kikafunga
kama duka siku ya Jumapili.
Aliyejaribu uovu akakwama, sheria humpunguzia adhabu.
Aliyejaribu jambo jema akakwama,
kifungu chake sijakiona."
Sikuwa na la kujibu. Niliosha vikombe.

Desemba. Tenga la waya likazungushwa,
mipira ya mbao ikagongana, nikatoa mmoja:
kumi na saba. Jaribio.
Profesa wa katikati akatazama saa.
Ulimi ukaenda kutafuta ufafanuzi, haukuukuta nyumbani.
Nikasikia kijiko.
"Palikuwa na mtu," nikasema, "jina lake Ulises,
mchomea vyuma, anadaiwa kodi ya miezi mitatu..."
Profesa wa kushoto akaweka kalamu chini.

Jumamosi nikapanda na mtungi begani.
Hakuniuliza matokeo. Aliuliza kama vali nimeikaza.
Kisha akanipa karatasi na makasi:
tangazo jipya, maneno yaleyale.
Nikakata vipande kumi chini yake,
na cha mwisho nikakichana mwenyewe, nikakitia mfukoni,
maana tangazo ambalo halijaguswa na mtu
watu huliogopa.