Mlango wa Nyuma

Taisto Hyyryläinen alilileta gari mwezi wa pili,
Kajaani ikiwa nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Aliliingiza karakanani kinyumenyume:
kwa kazi yake, mlango wa nyuma ndio wa mbele.

Mwanawe Eemeli alikuja na picha kwenye simu.
Vinili, alisema. Kijivu cha majivu, kisichong'aa.
Nyeusi imepitwa, baba, hata na msiba.
Mzee alivua glovu moja
akaipapasa boneti kama anayepima homa.

Niliwamiminia kahawa, nikawaeleza nilivyowaeleza wengine mia.

Vinili ni nguo: unaivaa, ukiichoka unaivua
kabla pembe hazijaanza kujikunja.
Inaficha rangi, haifichi kibonyeo.
Jiwe la kasi litaipenya kama sindano.

Filamu ya kinga ni ngozi,
nene, angavu, huioni mpaka uitafute.
Kokoto ikiichubua, mwagia maji ya moto,
mchubuko utajifunga wenyewe.
Bei yake
(hapo nilikitazama kikombe changu).

Na kauri? Kauri inakuja kwenye kichupa
kidogo kuliko cha manukato. Unaipaka, inashikana na rangi,
chumvi ya barabarani inakosa pa kukaa,
maji yanaviringika yakaondoka zake.
Ila jiwe halijui kauri ni nini.

"Sisi hatuna haraka," alisema Eemeli,
"abiria wetu hajawahi kulalamika. Mawe gani hayo?"
"Ya wenye haraka," alijibu baba yake.
"Njia ya Ristijärvi imemwagwa kokoto tangu Novemba,
na lori la magogo halipunguzi mwendo
kwa kuwa umebeba jeneza."

Kahawa ikapoa. Heta ringi, kijana wangu wa matairi, akazima redio.

"Umewahi kusimama kando ya gari hili pale kanisani?"
Aliniuliza mimi, si mwanawe.
"Tukishamtoa marehemu, watu wanabaki na mlango.
Mwanamume ananyooshea tai humo.
Mjane anaangalia macho yamevimba kiasi gani.
Mtoto mmoja wa Paltamo alijitolea ulimi, akacheka,
na hakuna aliyemkanya.
Kijivu chako, Eemeli, kitawaonyesha nini?"

Eemeli akaitia simu mfukoni.

Basi filamu ikaenda mbele: boneti, bampa, vioo vya pembeni.
Tuliivuta wawili juu ya maji ya sabuni,
tukivisukuma viputo kwa raba hadi ukingoni.
Ubavuni na nyuma, kauri, tabaka mbili.
Nilifanya kazi usiku, kwa soksi, nywele nimezifunga,
nikiogopa vumbi kuliko baridi.
Kwenye ankara nilipunguza yuro mia mbili.
Na mimi nimewahi kurekebisha skafu kwenye mlango ule.

Aprili, theluji ikigeuka tope, gari lilirudi.
Mbele nilihesabu mapigo matatu ya mawe;
filamu ilikuwa imeyameza yote.
Lakini chini ya kitasa cha nyuma palikuwa na mkwaruzo,
sentimita nne, umezama hadi kwenye rangi.

"Pete," alisema Eemeli. "Mama mmoja alishika, hakuachia.
Tulimsubiri. Injini ilikuwa inanguruma."

Kauri haizuii pete. Niliwaambia,
na imo kwenye karatasi waliyotia saini.
Nikaichukua mashine ya kung'arishia, nikaipachika sifongo mpya,
dakika ishirini tu, nikasema, hautaonekana tena.

Mzee aliichomoa plagi ukutani,
akauzungusha waya mkononi taratibu, mizunguko minne, mitano.

"Wiki ijayo," alisema.
"Wiki hii bado anapita hapa akienda dukani."