Kumi na Nne Nukta Mbili

Betri ya kwanza tulisema ni mbovu.
Ya pili tukasema ni ya mtumba, tulitegemea nini.
Ya tatu niliinunua mpya, na risiti,
nikaifunga mwenyewe, nikaisifu kama mkwe,
na Jumatano usiku, njiani kutoka Sikonge,
madumu sita ya asali kiti cha nyuma,
taa za mbele zikaanza kubadilika rangi:
nyeupe, kisha njano,
kisha rangi ya chai ya msibani.
Redio ikakata neno katikati.
Nilifika Isevya kwa mbalamwezi
na kwa kuyajua mashimo moja moja.

Fundi Ndaki akatibu kwa simu:
"Betri hiyo. Lete laki na ishirini."
Sikuleta.

Betri ililala kwa Shija ikichajiwa,
Shija wa simu, mwenye kibanda cha upana wa mlango.
Asubuhi akanirudishia, na mita yake juu.
"Ukiiunguza hii, usipite tena njia hii,"
akanikabidhi waya mbili, nyekundu na nyeusi,
kama anayenipa mapacha nimshikie.

Boneti nikaliegemeza kwa kipande cha mninga;
fimbo yake ilipotea baba akiwa hai.
Nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi:
kumi na mbili nukta tano.
Mzima huyu.
Nikawasha injini, nikangoja namba ipande.
Haikupanda.
Mbula akakanyaga mafuta kwa ncha ya kidole,
nikamwambia washa na taa:
kumi na mbili kamili,
kumi na moja nukta nane,
nukta sita,
namba inashuka ngazi imeshika ukuta.

Mkanda nikaubonyeza. Umekaza.
Waya nikazifuata kwa vidole. Safi.
Basi ni altaneta.
Miezi minne tumemtukana anayeanguka
kumbe ndiye alikuwa akilisha gari zima,
taa, honi, redio, moto wa plagi,
na wa kumrudishia alikuwa anazunguka tu,
anazunguka kwa bidii, mkono mtupu.

Kalunde alikuwa mlangoni na sufuria yake.
Dada yangu. Mwezi wa tano aliketi chini jikoni
hakuinuka siku tatu,
na nyumba nzima tukaulizana, ana nini huyu?
Nikaitazama mita.

Hasi hutolewa kwanza; hilo nalijua tangu utoto.
Kisha spana kumi na mbili, kisha kumi na nne.
Bolti ya chini ikagoma.
Nikaipaka mafuta ya taa, nikaigongagonga,
nikaitajia babu zake wote kwa Kinyamwezi,
nikaiacha, nikanywa uji,
nikarudi: ikalegea kwa ukimya, kama haikuwa yeye.
Mbula alishika bakuli la nati
akizihesabu kwa sauti kila inapoingia.
Zilikuwa tano. Tulirudisha nne.
Ya tano mpaka leo iko ndani ya gari hilo, inapiga kayamba.

Ile ya zamani niliipasua kwa udadisi:
brashi zake zimelika hadi kwenye kucha.
Mpya si mpya, ni ya Kanyenye, elfu themanini,
ina maandishi ya Kijapani na kutu ya bahari.
Ikaingia. Mkanda ukavutwa,
nikaukandamiza kwa dole gumba,
ukakubali kidogo, ukakataa.

Washa, Mbula.

Kumi na tatu.
Kumi na tatu nukta nane.
Kumi na nne nukta mbili, ikatulia pale.
Nikawasha taa, feni, redio ya mtu anayesoma bei za tumbaku.
Kumi na nne nukta moja.
"Ndiyo nini hiyo?" Kalunde akauliza.
"Inarudisha."
"Haya zima, unamaliza mafuta."

Nilinawa kwa sabuni ya unga na mchanga,
weusi ukabaki kwenye mistari ya viganja.
Kisha nikaingia jikoni, nikamtoa sufuria mkononi,
nikaanza kusugua ukoko.
Hakusema kitu.
Alisimama pale, akanitazama muda mrefu,
kama mtu anayengoja namba.