Kishindo

Redio ya mlinzi ilisema: ushindi wa kishindo,
jimbo zima, asilimia tisini na saba na ushee.
Mimi nilikuwa ndani ya hilo jimbo zima,
Yombo Vituka, darasa la pili B,
na kishindo sikukisikia.

Nilisikia karatasi
zikikunjuliwa moja moja, kama khanga
ambayo haijatolewa wanga wa dukani.
Nilisikia mbu. Nilimsikia msimamizi, Bwana Mwakatobe,
akilitaja jina lile lile mpaka ulimi ukamkauka,
akaomba maji, akanywa, akalitaja tena.

Umeme ulikatika saa mbili na robo.
Tulihesabu kwa tochi za simu,
magoti yamebanwa na madawati ya watoto wa miaka minane,
na ubaoni hesabu ya juzi haijafutwa:
Mama ana maandazi 12. Amegawa 11. Yamebaki mangapi?

Kushoto rundo lilipanda.
Tulilifunga mpira hamsini hamsini, likapanda tena
kama mkate wa kumimina uliozidishiwa hamira.
Kulia, mahali pa mgombea wa tatu,
palikuwa na meza. Meza tupu, na jina la mtoto
lililochongwa kwa msumari: MAWAZO.

Wakala wake, Chaurembo, fundi viatu,
alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka kwapani,
daftari jipya, kalamu mbili.
Kila jina lilipotajwa alichora kijiti
kwenye safu isiyo yake.

Kisha, karatasi ya mia tatu na kitu,
Mwakatobe akanyamaza. Akaisogeza kwenye mwanga.
"Namba tatu. Moja."

Chaurembo aliruka, goti likapiga dawati,
na hicho ndicho kishindo pekee cha usiku ule.
"Hiyo yangu!" akasema. "Angalau hiyo.
Hiyo ni yangu mwenyewe."
Bi Tausi, wakala wa washindi, akamgeukia:
"Na shemeji yetu je, kampa nani?"
Watu wakacheka. Naye akacheka,
macho mekundu kwa usingizi, au kwa kingine.

Sasa nikwambie.
Ile alama ya vema ilikuwa na mkia
unaorudi nyuma, mkia wa mtu wa mkono wa kushoto.
Nafundisha mwandiko, mwaka wa kumi na tisa huu.
Natia vema mia mbili kwa siku kwa wino mwekundu.
Mkia ule naujua kama kikohozi changu.

Saa mbili asubuhi, foleni ikiwa bado fupi,
niliingia nyuma ya lile boksi la kadibodi
nikampa yeye. Si kwa sera, sikuzisikia.
Kwenye picha tai yake ilikuwa imepinda
na inaonekana hakuwa na mtu wa kumwambia.

Kwa hiyo nilijua, Chaurembo. Na wewe ulijua.
Ulipotia saini kalamu ilikwama,
ukachukua ile ya pili,
ukainua macho ukayazungusha chumbani
sura baada ya sura, taratibu,
kama mtu anayetafuta aliyemlipia deni
bila kuambiwa.
Nilikuwa nimeinamia sanduku, nafunga lakiri.
Nikaikaza mpaka ikalia: tik.

Alfajiri fomu ilibandikwa mlangoni.
Mia sita na kumi na moja. Sifuri. Moja.
Watu walikuja kusoma, miswaki mdomoni,
wakatema mate pembeni, wakaenda kazini.

Shule ilipofunguliwa, wa kwanza kunyoosha kidole
alikuwa Mawazo, yule yule mharibifu wa meza.
"Limebaki moja, Mwalimu."
Nikamwekea vema daftarini.
Nilijaribu kuiweka bila mkia.
Mkono ulikataa.