Apiyo na Adongo

Zilikuwa bodi mbili, upana wa kiganja,
transponda za setilaiti isiyozidi tofali,
nazo nikazipa majina ya pacha, kama desturi ya kwetu:
Apiyo, aliyetangulia kutoka,
Adongo, aliyebaki nyuma.
Apiyo ndiye wa kupaa. Adongo akiba.

Miezi saba chumbani Manyatta, feni imezimwa,
maana upepo wake hupeperusha kapasita
ndogo kuliko punje ya wimbi.
Nilizishika kwa kibano cha kung'olea nyusi,
pumzi nimeibana, chuma cha moto kikagusa,
risasi ikayeyuka, ikang'aa, ikatulia.
Koili niliizungushia msumari wa inchi tatu,
mizunguko sita.
Sita na nusu iliniharibia wiki nzima.

Gramu themanini na mbili, walisema, isizidi.
Nikakwangua hata wino wa jina langu.

Kazi yake ni kusikia na kurudisha, basi.
Ila hurudisha kinyume: cha juu huwa chini, cha chini juu.
Kwa hiyo sauti unaipeleka imegeuzwa ndani nje
kama shati la kuanika,
huko aliko anaigeuza tena,
inashuka tayari kuvaliwa.

Maabara hatuna. Na huko juu ni baridi, joto, baridi,
jua likichomoza mara kumi na tano kwa siku.
Risper wa Dunga akatufungulia jokofu la samaki,
pacha wakalala ndani ya mfuko, kati ya mbuta na ngege.
Asubuhi tukawapeleka Kondele, tanuri la mkate la Shaban,
naye akauliza kama hizi zinaiva kwa dakika ngapi.
Jioni, kwenye kinu cha posho cha Abuya,
nikawafunga ubavuni kwa mpira wa tyubu.
Roketi hutikisika hivi, nikamwambia.
Akamimina mahindi. "Sasa hiyo roketi inasaga nini?"

Debe la pili halijaisha, Apiyo akanyamaza.

Usiku nilimpekua kwa lenzi.
Ufa, mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga,
penye kiungo nilichokilehemu siku ile simu ilipoita
nami nikapokea, chuma kikiwa bado mkononi.
Simu yenyewe ilikuwa ya mtu aliyekosea namba.

Adongo akafungwa kwenye sponji, akaenda.

Leo niko juu ya paa, antena ya tepu ya fundi mkononi,
dakika kumi na moja ndizo zangu.
Naita. Najisikia nikirudi,
nimechelewa kidogo, nimekonda kidogo,
sauti ikiteremka polepole kadiri anavyonipita kwenda Turkana.
Nguvu yake haifiki ya taa ya baiskeli.
Apiyo yuko chini, kwenye kopo la majani ya chai.
Kumlehemu ni nusu saa tu. Sijamlehemu.

Mara Simiyu wa Kitale akaingia kati, kikohozi kwanza:
jana kwenu mvua ilinyesha?
Ilinyesha, nikasema, tena ya mawe,
na kabla sijauliza ya kwao
Adongo akazama nyuma ya vilima vya Nandi.